Franco alivyothubutu kuutaja ugonjwa uliofichwa

Wapo wanaodhani kwamba muziki wa dansi ni kitu cha kuburudisha miguu tu, na kwamba mtu aliyekesha klabuni akipiga gitaa hana la kumfunza aliyeamkia kazini. Dhana hii ni kongwe na ina wafuasi wengi, hata miongoni mwa wasomi wetu. Mimi sikubaliani nayo, na ushahidi wangu leo ni maisha ya mtu mmoja aliyeaga dunia tarehe 12 Oktoba 1989 mjini Namur, nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Jina lake lilikuwa François Luambo Makiadi. Ulimwengu ulimjua kama Franco.

Sisi Wakenya wengi hatukijui Kilingala. Nyimbo zake tuliziimba kwa kubahatisha maneno, kila mtu akitamka alichodhani amesikia. Hata hivyo, sauti ya gitaa lake tuliitambua kabla mtangazaji hajataja jina la wimbo. Miaka ya 1970 wanamuziki kadhaa wa Zaire walihamia Nairobi na kufanya maskani yao huku. Tulikuwa na Baba Gaston, tukawa na Orchestra Super Mazembe na Les Mangelepa, kisha akaja Samba Mapangala na kundi lake la Virunga. Baadhi yao walitunga kwa Kiswahili na wakawa kama watu wa kwetu. Lakini hakuna aliyebisha kwamba nyuma yao, kule Kinshasa, kulikuwa na jabali moja ambalo kila mpiga gitaa alijipima nalo.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, magharibi mwa Kongo, nchi hiyo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Jamaa hiyo ilihamia Léopoldville, mji ambao leo huitwa Kinshasa, na huko ndiko kijana alikokulia. Mwaka 1949 baba alifariki. Mvulana alikuwa na umri wa miaka 11 hivi, na masomo yake yakakatika kabla hayajashika mizizi. Mzigo wa kulea ukamwangukia mama, ambaye alikaanga maandazi na kuyauza katika soko la mtaani.

Ningependa msomaji alitazame soko hilo kwa makini, kwa kuwa kila kitu alichokifanya Franco baadaye kilianzia pale. Kijana alijitengenezea gitaa kwa mkebe na vipande vya waya, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake ili kuwavuta wateja. Waliokuja kununua maandazi walibaki kusikiliza, na waliokuja kusikiliza waliishia kununua maandazi. Hapo ndipo alipojifunza kwamba muziki ni mazungumzo na mtu anayepita njia, mwenye haraka zake, ambaye hana wajibu wowote wa kusimama. Usipomshika kwa maneno ya maisha yake mwenyewe atakwenda zake. Somo hilo halifundishwi katika chuo chochote cha muziki ninachokijua.

Mwalimu wake wa kwanza wa gitaa la kweli alikuwa Paul Ebengo, aliyejulikana zaidi kwa jina la Dewayon. Huyu alikuwa kijana mwenye kazi yake ya mchana na muziki wake wa jioni. Wawili hao walipiga pamoja katika kundi lililoitwa Watam, kundi la vijana wasiokuwa na ala za maana wala nguo za kupandia jukwaani. Mwaka 1953, Franco akiwa na umri wa miaka 15, walifika katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na mfanyabiashara Mgiriki aliyeitwa Basile Papadimitriou. Msimamizi wa muziki katika studio hiyo alikuwa Henri Bowane, mpiga gitaa mashuhuri wa wakati ule. Bowane alimsikiliza mtoto huyo na hakuhitaji kusikiliza mara mbili. Franco akapewa mkataba, akapewa na gitaa la kiwandani, pengine la kwanza kuwa mikononi mwake kwa siku nyingi mfululizo. Jina la Franco lenyewe, ambalo ni ufupisho wa François, lilitokana na siku hizo za Loningisa.

Mwaka uo huo alirekodi wimbo wa mapenzi ulioitwa Bolingo na ngai na Béatrice. Léopoldville ikauliza huyu ni nani. Akawa kipenzi cha wasichana na gumzo la vijana, naye hata ndevu hazijamwota sawasawa.

Kisha ukaja mwaka 1956. Mnamo mwezi wa Juni wanamuziki kadhaa waliokuwa wakirekodi katika studio za Loningisa waliamua kuunda bendi ya kupiga dansi. Walikuwamo Jean Serge Essous, mpulizaji hodari wa klarineti na saksafoni, mwimbaji Philippe Lando aliyeitwa Rossignol, na Daniel Loubelo aliyeitwa De La Lune. Wengine walitoka ng'ambo ya pili ya mto, Brazzaville. Mahali walipokuwa wakipiga paliitwa O.K. Bar, na bendi ikachukua jina kutoka kwa baa hiyo, ikawa O.K. Jazz. Kiongozi wa mwanzo hakuwa Franco. Alikuwa kijana wa miaka 17, anakaribia 18, mpiga gitaa miongoni mwa wapigaji, mwenye wajibu wa kufika mapema na kufanya alichoambiwa na wakubwa.

Katika siku hizo za mwanzo ndipo alipotunga wimbo uliokuja kuwa kama wimbo wa taifa la bendi hiyo, On entre O.K., on sort K.O. Ni wimbo wa majigambo ya ujana. Maana ya kichwa chake ni kwamba mtu huingia pale akiwa mzima, na hutoka akiwa ameangushwa kama bondia aliyepigwa ngumi ya mwisho. Kusema hivyo kuhusu bendi isiyokuwa na hata mwaka mmoja kulihitaji ujasiri, au ukosefu wa adabu, na nadhani vijana wale walikuwa na vyote viwili. Majigambo hayo yalikuja kuwa ukweli. Bendi ilidumu zaidi ya miaka 30, na katika muda huo wakapita mikononi mwake waimbaji na wapigaji ambao kuwaorodhesha kungemaliza ukurasa huu: Vicky Longomba, Simaro Lutumba, Sam Mangwana, Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum, Madilu System na wengine wengi.

Mambo hayakuwa mteremko. Kabla bendi haijatimiza mwaka mmoja au zaidi kidogo, Essous na Rossignol waliondoka kwenda kutafuta maslahi mahali pengine. Mwaka 1958 Franco mwenyewe alifungwa jela kwa makosa ya barabarani. Alipotoka watu walimlaki kama shujaa, jambo linaloonyesha kwamba tayari alikuwa amekuwa mtoto wa mji mzima. Wengine walipohama yeye alibaki, na kwa kubaki huko ndiko bendi ilikokuja kuwa yake.

Wakati huo mji ule ulikuwa na shule mbili za muziki. Moja iliongozwa na Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, na bendi yake ya African Jazz, ambamo walipita mpiga gitaa Nico Kasanda na mwimbaji Tabu Ley Rochereau. Huo ulikuwa muziki wa kistaarabu, laini, uliopigwa pasi. Kabasele ndiye aliyekwenda Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru na kutunga Indépendance Cha Cha, wimbo ulioimbwa karibu Afrika nzima. Shule ya pili ilikuwa ya O.K. Jazz. Franco alilipiga gitaa kwa nguvu, akirudia mkato mmoja mpaka usikilizaji wako unyong'onyee na kukubali kushindwa, na ndani ya upigaji huo mlikuwa na ngoma za vijijini na kelele za sokoni. Wajuzi wa mambo walisema kwamba Nico ndiye fundi zaidi. Huenda ni kweli. Lakini Franco ndiye aliyeeleweka kwa mama muuza ndizi.

Naandika haya si kwa kusoma tu. Miaka ya 1980, nikiwa shule ya sekondari, mimi na wenzangu wanne tulikuwa na kikundi chetu cha muziki kilichopiga katika harusi na sherehe za kufunga shule. Tulikuwa na magitaa mawili, moja likiwa la kuazima, na ngoma ambazo ngozi zake tulizianika juani kabla ya kila onyesho. Niliwekwa kwenye gitaa la rithim kwa sababu sikuwa na vidole vya solo. Kazi yangu ilikuwa kurudia mkato mmoja kwa dakika nyingi bila kupotea, na mwanzoni niliiona kuwa kazi ya kumdunisha mtu. Siku tuliyoketi na santuri ya T.P. O.K. Jazz tukijaribu kuichambua, ndipo nilipoelewa. Tulisikia gitaa moja linauliza, la pili linajibu, la tatu linapita katikati yao kama mtu anayesuka mkeka, na hakuna hata moja lililojaribu kulimeza jingine. Gitaa nililolidharau ndilo lililokuwa uzi unaoshikilia mkeka. Ukilitoa, nyumba yote inaanguka. Kikundi chetu kilivunjika tulipomaliza kidato cha nne, kama ilivyo ada, lakini masikio niliyoyapata siku ile sijayapoteza.

Sasa nije kwenye upande ambao wapenzi wake wengi hupenda kuuruka. Franco aliishi chini ya utawala wa Mobutu Sese Seko, na uhusiano wake na utawala huo haukuwa wa mtu mwenye mikono misafi kabisa, wala haukuwa wa kibaraka mtupu. Mwezi Juni 1966 serikali iliwanyonga hadharani mjini Kinshasa wanasiasa wanne, akiwamo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, mbele ya umati mkubwa wa watu. Baadaye Franco alitoa wimbo ulioitwa Luvumbu Ndoki, kuhusu mchawi anayewala watu wake. Hakumtaja mtu yeyote, na hakuna aliyehitaji kutajiwa. Santuri zikapigwa marufuku, naye akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda mpaka hasira zilipopoa.

Aliporejea alijifunza kuishi na simba. Mwaka 1971 Kongo ilipogeuzwa kuwa Zaire na kila raia kutakiwa kuacha majina ya Kizungu, yeye naye aliliacha la François. Alizunguka nchi akiimba sera za chama. Mali za wageni zilipotaifishwa, kiwanda cha kutengenezea santuri cha Mazadis kiliwekwa mikononi mwake, na hivyo wanamuziki wenzake wakajikuta wanamtegemea mshindani wao ili nyimbo zao zitoke. Mwaka 1984 aliimba wimbo mrefu wa kumpigia debe Mobutu, mgombea ambaye hakuwa na mpinzani. Wimbo huo ulikuwa mzuri wa kucheza, na hilo ndilo linalouma. Kwa upande mwingine, mwaka 1978 serikali ile ile ilimtupa gerezani pamoja na baadhi ya wanamuziki wake kwa sababu ya nyimbo mbili zilizohesabiwa kuwa za matusi, Hélène na Jacky. Alikuwa karibu na kiti cha enzi, lakini daima ilikuwa rahisi kumkumbusha kwamba kiti si chake.

Sisemi haya ili kumvunjia heshima marehemu. Nayasema kwa kuwa mtu akigeuzwa malaika hatufundishi chochote. Aidha, kuna nyimbo zake nyingi zilizowasimanga wanawake kwa namna ambayo binti zetu wana haki ya kuikataa. Mtu huyu alikuwa na kasoro, zilizojulikana na kila aliyemsikiliza. Nitaeleza hivi punde kwa nini naona kwamba kasoro hizo zilikuwa na faida yake.

Pigo kubwa zaidi la maisha yake halikutoka serikalini. Mwezi Agosti 1970 mdogo wake, Bavon Marie-Marie, naye mpiga gitaa stadi na kipenzi cha vijana, alifariki katika ajali ya gari. Maneno mengi yalisemwa mitaani, mengine ya kumtwika Franco lawama za kichawi, kama watu wanavyopenda kufanya pale kifo kinapomkuta kijana. Kaka mtu aliweka gitaa chini kwa muda. Aliporudi aliimba Kinsiona, wimbo wa maombolezo ambao aliutunga kwa Kikongo, lugha ya mama yake. Mtu asiyejua neno moja la Kikongo akiusikia wimbo huo anajua kwamba kuna aliyefiwa. Nadhani tangu hapo Franco alifahamu jambo ambalo lilimfaa baadaye: kwamba aibu na uvumi vinaweza kumuua mtu mara ya pili baada ya kufa.

Mwaka 1985 alitoa Mario, kisa cha kijana msomi, mwenye vyeti vyake, anayekataa kufanya kazi na kuishi kwa kulishwa na mama mtu mzima mwenye pesa. Hapa kwetu wimbo huo ulipigwa katika matatu na katika baa mpaka kanda zikakatika. Jina la Mario likawa jina la watu wa aina hiyo katika nchi nyingi za Afrika, na kijana akivaa vizuri bila kazi inayojulikana alitazamwa kwa jicho la pembeni. Hiyo ndiyo nguvu niliyoitaja mwanzoni. Mhubiri angeweza kusema maneno yayo hayo kanisani miaka kumi bila kuliachia taifa neno jipya.

Lakini wimbo wake ninaoupenda kupita zote si Mario. Ni ule alioutoa mwaka 1987, Attention na SIDA, yaani tahadhari kuhusu Ukimwi.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mjini Kinshasa watafiti walikuwa wameanza mwaka 1984 kuuchunguza ugonjwa huo katika mradi ulioitwa Projet SIDA. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka huo huo wa 1984. Serikali nyingi za Afrika ziliona kwamba kuuzungumzia ni kuwafukuza watalii na kulitia taifa aibu. Magazeti ya Ulaya yaliandika kana kwamba Mwafrika ndiye aliyeuumba. Kati ya aibu ya huku na dharau ya kule, mgonjwa alikosa mtu wa kumsemea.

Franco akaingia studio na kusema kwa takriban robo saa. Nasema kusema, kwa kuwa katika wimbo huo anazungumza zaidi ya anavyoimba, kwa sauti nzito, kwa Kifaransa na Kilingala, magitaa yakienda chini yake bila haraka. Anaita kundi moja baada ya jingine katika jamii, vijana na wazazi, walimu na madaktari, viongozi wa dini na watawala, na kila kundi analipa kazi yake. Anawaonya watu wajichunge katika mapenzi. Anawataka madaktari wasiwakimbie wagonjwa. Anawasihi jamaa wasimtupe ndugu yao aliyeugua. Hana mzaha, wala hamwekei mtu kidole usoni na kumwambia amevuna alichopanda. Kwa mtu aliyewahi kufungwa kwa nyimbo za matusi, hiyo ni heshima ya ajabu kuwapa wasikilizaji wake.

Na hapa ndipo kasoro zake zilipogeuka kuwa mtaji. Askofu akikuambia uache uzinzi unajua kwamba ni kazi yake kusema hivyo. Waziri wa afya akikuambia, unashuku ana lake. Franco alikuwa mtu wa baa. Alikuwa ameimba kuhusu wapenzi, wivu, walevi na waume za watu kwa miaka zaidi ya 30, na kila msikilizaji alijua kwamba anayasema ya mtaani kwa kuwa ametoka mtaani. Mtu wa namna hiyo anapobadilisha sauti na kusema kwamba sasa kuna jambo la kufisha, hata mlevi huweka glasi mezani. Mtoto aliyejifunza kumsimamisha mpita njia mbele ya meza ya maandazi alikuwa amewasimamisha mamilioni.

Wimbo huo ulinifikia kabla sijafahamu kwamba nitauhitaji. Mwaka 1991 alifariki binamu yangu, utingo wa malori katika barabara ya Mombasa kwenda Malaba, kijana mcheshi aliyekuwa akituletea nanasi kutoka Uganda. Alirudi nyumbani amekonda. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema amekiuka mwiko, na katika mazishi yake msemaji mmoja baada ya mwingine alitaja homa ya mapafu. Chombo alichokuwa akilia kiliwekwa kando ya vyombo vingine, na sote tuliona, na hakuna aliyesema. Mama yake, shangazi yangu, ndiye pekee aliyeendelea kula naye sahani moja mpaka siku ya mwisho. Shangazi hakujua Kilingala na sidhani kama alipata kulisikia jina la Franco. Alikuwa anatenda kwa moyo wake lile ambalo wimbo ulikuwa unawasihi watu watende. Sisi tuliousikia wimbo na kuucheza hatukutenda, na wala sitaki kujificha nyuma ya lugha ya kigeni, kwa kuwa neno SIDA tulilijua maana yake.

Mwaka 1988 na 1989 Franco mwenyewe alianza kupungua. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na picha za miezi yake ya mwisho ziliwashtua waliomjua. Uvumi ukaenea kwamba ugonjwa aliouimba ndio uliompata. Yeye alikana. Alirekodi tena na Sam Mangwana, akapanda jukwaani Ulaya akiwa dhaifu, kisha akalazwa. Watu huniuliza kama uvumi ule ulikuwa wa kweli. Jibu langu ni kwamba swali hilo ndilo ambalo wimbo ulitutaka tuache kuuliza. Mgonjwa anahitaji kuuguzwa, na maiti inahitaji kuzikwa kwa heshima, liwe jina la ugonjwa ni lipi.

Heshima ya mazishi aliipata. Mwili wake ulirejeshwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ikapiga nyimbo zake. Umati uliofuata jeneza lake ulikuwa wa watu ambao kwa miaka mingi alikuwa amesimulia habari zao: madereva, wauza samaki, makarani, wake waliotelekezwa. Bendi iliendelea kwa miaka michache kisha ikasambaratika, na Simaro Lutumba akaunda kundi lake la Bana O.K.

Miezi miwili baada ya Franco kufa, mnamo Desemba 1989, alifariki Mganda Philly Lutaaya. Huyu alikuwa amekwenda mbele zaidi. Alitangaza hadharani mwaka uo huo kwamba ana virusi, akazunguka makanisani na mashuleni akiimba na kuwaambia vijana wamtazame. Uganda ilimsikiliza, na leo anahesabiwa miongoni mwa watu walioisaidia nchi ile kuanza kuushinda woga. Sisi Kenya tulingoja mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi akautangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Hiyo ni miaka 12 tangu Franco aimbe. Sidai kwamba wimbo ungetosha kuzuia vifo. Nadai kwamba wasanii wawili, mmoja Mkongo na mmoja Mganda, walikuwa wamekwisha kusema waziwazi wakati wenye madaraka wengi walikuwa bado wanatafuta maneno ya kupamba.

Mnamo Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Nilifurahi, kama walivyofurahi wapenzi wote wa muziki huo. Hata hivyo, nina hofu na turathi zinazowekwa kabatini. Tunaweza kuucheza muziki wa Franco katika hafla za wazee, tukasifu gitaa lake, tukalia kwa kukumbuka ujana wetu, na tukasahau kabisa alichokuwa anatuambia.

Kwa hivyo nina ombi kwa makundi mawili. Vijana wanaotunga muziki wa leo wana hadhira kubwa kuliko aliyowahi kuota Franco, na lugha yao ni ya mtaani kama ilivyokuwa yake. Wasiambiwe waache nyimbo za mapenzi na starehe, kwa sababu ni hizo zilizomjengea Franco imani ya watu. Lakini wajue kwamba imani hiyo ni akiba, na siku moja watatakiwa kuitumia. Yapo magonjwa na mateso ambayo hata sasa tunayaongelea kwa kunong'ona. Kuna ugonjwa wa akili, ambao bado tunausingizia mapepo. Kuna vijana wanaojitoa uhai na jamaa zao kutangaza ajali. Kuna saratani ambazo wanaume wanaona haya kuzipima. Nani atayaita majina yake kwa robo saa, magitaa yakienda chini bila haraka?

Kundi la pili ni sisi tuliozeeka na santuri zetu. Tukimkumbuka Franco kila Oktoba tusiishie kuhesabu nyimbo alizorekodi na waimbaji aliowalea. Tuketi na wajukuu, tuwapigie Attention na SIDA tangu mwanzo hadi mwisho, tuwatafsirie tunachoweza, kisha tuwaeleze bila kuficha jinsi tulivyowatendea wagonjwa wetu wakati ule, na majina yao tuyataje.